Baba wa Watoto Kumi na Tisa

Jumatatu, 27 Mei

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye karakana ya chuo, juu ya kiti kilichopoteza mgongo, na wanafunzi kumi na tisa wamelala mbele yangu. Wamelala kweli, sisemi kwa mafumbo. Niliwapa dakika kumi za kupumzika baada ya karatasi ya tatu ya majaribio, wakalaza vichwa juu ya meza na usingizi ukawapitia wote kwa mpigo. Mmoja anakoroma karibu na mashine ya kutoboa. Sina moyo wa kuwaamsha, basi nimechukua kalamu.

Ningeweza kupiga simu. Lakini tangu tumzike mzee, kila tukipigiana simu tunaishia kugombana, na wifi yako anasema kwenye karatasi angalau hatuwezi kukatizana maneno. Tujaribu.

Mitihani ya mwisho inaanza tarehe kumi. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na tatu wa kuwaandaa wahandisi, na wimbo ni uleule: andikeni kanuni kwanza hata kama jibu hamlijui, msahihishaji atawapa alama ya huruma. Wekeni kipimo mbele ya kila namba. Mkikosa kitu, kisieni, lakini semeni mmekisia. Asubuhi tunafanya majaribio, mchana tunaandika wasifu na barua za maombi, jioni usaili wa mazoezi. Kwa usaili tuna tai moja ya darasa zima. Mwenyewe tunamwita Tai, alifungiwa fundo na mjomba wake mwaka wa kwanza na hakuna anayethubutu kulifungua, maana hakuna anayejua kulifunga tena. Inavuliwa kichwani kwa mmoja na kuvalishwa mwingine ikiwa bado ya moto. Mimi nakaa nyuma ya meza najifanya meneja mkali. Juzi nilisinzia kijana akiwa katikati ya jibu, nikashtuka alipomaliza, nikamwambia, "Vizuri sana, kazi umepata." Darasa lilivunjika mbavu. Mimi nilikuwa hoi, hata kucheka sikuweza.

Sasa ombi. Idara yenu ya maji imetangaza nafasi mbili za wahandisi wapya. Mwaka huu hakuna kwingine kulikotangazwa, kwa hiyo wote kumi na tisa wametuma kwenu, na najua wewe ni mmoja wa wanaofungua bahasha. Siombi upendeleo. Haya, naomba kidogo. Kuna binti mmoja tunamwita Kimya. Kwenye usaili wa mazoezi nilimuuliza kwa nini pampu inazunguka na maji hayapandi. Akanyamaza. Dakika nne nzima, mimi nimeshaanza kukusanya makaratasi yangu, ndipo akataja sababu tano, zikiwa zimepangwa kuanzia ile iliyo rahisi kukagua. Miaka yote hii sijafundisha mtu kama yule. Mtupie jicho, basi.

Ngoja niwaamshe hawa.

Kaka yako,
Profesa


Jumamosi, 1 Juni

Shikamoo, kaka.

Barua nimeipata. Tai imenichekesha na wewe umenitia huruma, lala basi hata kwa saa sita. Huku nako si kwema. Pampu namba mbili inatetemeka na sijavua buti za mpira tangu Jumatano, miguu imekunjamana kama ya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni.

Maombi ya wanafunzi wako tuliyafungua jana, mimi, afisa utumishi na meneja wa mitambo. Yote kumi na tisa. Nitakuandikia nikitulia. Kwa leo nina swali moja tu. Ile sentensi ya taa umeitoa wapi?

Msalimie wifi.

Mdogo wako,
Nati


Jumatano, 5 Juni

Marahaba, mdogo wangu!

Nilijua utaitambua. Nilikuwa nangoja uniulize.

Ni hivi. Kila mwaka nilikuwa nasoma barua za maombi za wanafunzi nataka kulia. Mimi ni mchapakazi. Mimi ni mwaminifu. Mimi naweza kufanya kazi chini ya shinikizo, kama vali ya boila. Nikawaambia, anayesoma barua amechoka kama mimi ninavyochoka na kusahihisha, mpeni picha ya kukumbuka. Wakaniuliza picha gani. Ndipo nikawaandikia ubaoni mfano, na kila mwaka nauandika tena: "Nilijifunza uhandisi kabla sijajua kusoma, nikimshikia baba taa ndani ya shimo la pampu, naye akiniambia, mwanangu, sikiliza chuma, chuma hakidanganyi."

Huu mwaka wa kumi na mbili. Imewapa vijana wengi kazi, viwandani, migodini, mpaka kwenye kampuni za lifti. Bila shaka wanaibadilisha kidogo kidogo.

Nimeona imekugusa. Hata mimi hunigusa nikiwa nimegeuka ubaoni, chaki mkononi. Naona mzee bado anafanya kazi kwa njia hiyo. Alikufa fundi pampu, lakini kila mwaka anaajiri watu.

Je, Kimya umemwona?

Kaka yako,
Profesa


Jumapili, 9 Juni

Kaka,

Hukunielewa, na kosa ni langu, nilikuwa naogopa kusema.

Afisa utumishi ndiye aliyeanza. Barua ya kwanza aliisoma kwa sauti akasema, sikilizeni, huyu kaandika kitu. Meneja akakubali. Ya pili akaisoma, akairudia ya kwanza. Ya tatu akaanza kutabasamu. Ilipofika ya sita alikuwa anasimama kuisoma, mkono kifuani, kama mtu anayeapishwa. Ya kumi na moja, meneja alikuwa anafuta machozi kwa kicheko. Afisa utumishi akauliza, "Jamani, huyu baba wa taa ana watoto wangapi?" Mmoja wa wanafunzi wako amefanya taa kuwa tochi. Mmoja amefanya baba kuwa babu. Mwingine, ambaye kwenye wasifu ameandika kwamba baba yake ni mshona viatu, kamteremsha shimoni hivyohivyo na viatu vyake.

Nami nilicheka, kaka. Nilicheka nao, maana ningesema nini? Niwaambie huyo mnayemcheka ni baba yangu? Nilikwenda chooni nikaosha uso, nikarudi, tukaendelea.

Barua zote kumi na tisa zimewekwa kwenye faili moja. Limeandikwa juu, kwa wino mwekundu, "Zimenakiliwa". Hazisomwi zaidi. Kimya wako yumo humo.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Baba hakuwahi kusema "sikiliza chuma". Baba hakuwa mtu wa maneno mazuri. Alisema "taa juu". Alisema "juu kidogo, si machoni mwangu". Alisema "usisinzie". Na alikuwa na matusi mawili ya kuitukana bolti iliyoshika kutu, ambayo mpaka leo nayatumia na sitayaandika hapa. Najua kwa sababu aliyeshika taa ni mimi. Tangu nina miaka sita mpaka kumi na saba, kila pampu ilipozima, nilishuka naye kwenye shimo lile karibu na nyumba yetu, lililokuwa giza hata saa sita mchana. Kidole gumba changu cha kushoto kina kovu la kioo cha taa. Wewe ulikuwa dirishani na kitabu chako.

Kwa hiyo nauliza tena. Umeitoa wapi?

Nati


Jumatano, 12 Juni

Mdogo wangu,

Hukunisalimia. Nimeliona hilo kabla sijaona jingine lolote.

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi, kati ya mtihani wa asubuhi na wa mchana, watu wakinipita. Sitajibu yote, nina siku tisa za mitihani na macho yangu yamekuwa mekundu kiasi kwamba mlinzi amenipa pole akidhani nimefiwa.

Nikueleze tu kilichotokea jana, halafu uniambie kama hawa ni watoto wa kutupwa kwenye faili. Karatasi ya pampu na mabomba, swali la nne, mchapaji alisahau kuweka kipenyo cha bomba. Bila kipenyo swali halifanyiki. Kumi na tisa wakainua vichwa wakanitazama, nami ni msimamizi, sina ruhusa hata ya kukohoa kwa maana. Wengine wakaliruka. Tai akalia, kimyakimya, kijana mkubwa vile. Nikapita nyuma ya Kimya. Alikuwa ameandika, "Kipenyo hakikutolewa. Nimekisia milimita mia na hamsini, kwa sababu zifuatazo," kisha akafanya hesabu mpaka mwisho, na chini akaandika jibu litabadilikaje iwapo amekisia vibaya. Nilisimama nyuma yake mpaka msimamizi mwenzangu akanikonyeza niondoke.

Huyo ndiye mnayesema amenakili. Ukinikasirikia mimi sawa, lakini usiwaadhibu watoto wa watu. Ule ni mfano tu. Na taa ilikuwa ya nyumba nzima, mdogo wangu, baba alikuwa wetu sote. Sioni kwa nini tupigane kwa sababu ya nani alishika nini.

Mrudisheni Kimya mezani. Ni hilo tu ninaloomba.

Kaka yako


Ijumaa, 14 Juni

Kaka,

Unawafundisha wakikisia waseme wamekisia. Wewe umekisia baba mzima na hukusema.

Nimezungumza na afisa utumishi. Maombi yanafungwa tarehe 21, saa kumi jioni. Yeyote atakayeleta barua mpya kabla ya hapo itasomwa, kwa sharti moja, chuo kieleze kwa maandishi ile sentensi ilitoka wapi na ilifikaje kwa watu kumi na tisa. Nani ataandika maelezo hayo unamjua.

Nati


Jumatatu, 17 Juni

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara nne. Dereva wa chuo anakuja huko kesho kuchukua vipuri, atakukabidhi bahasha mkononi.

Niliangusha taa. Nilikuwa na miaka tisa, wewe sita, siku hiyo ulibaki na mama. Baba alinishusha shimoni, akanipa taa, nikaishika dakika chache tu, mkono ukatoka jasho, ikaanguka. Kioo kikapasuka, mafuta yakaelea juu ya maji, na baba akabaki gizani na spana mkononi. Hakunipiga. Alicheka akasema, "Panda juu ukasome, Profesa." Watu wote wanadhani hilo jina nilipewa kwa sababu ya akili. Wiki iliyofuata pampu ikazima tena, nikavaa viatu nikasimama mlangoni, naye akakuita wewe.

Miaka kumi na moja nilikaa kwenye lile dirisha, Nati. Nilikuwa nasikia sauti zenu zikitoka chini, yako na yake, na sikuwahi kuyapata maneno. Mlikuwa mnazungumza muda mrefu sana. Nilidhani anakupa siri zote za dunia. "Sikiliza chuma" ndiyo niliyodhani anakuambia.

Na sentensi hiyo haikuzaliwa ubaoni. Niliiandika nikiwa na miaka ishirini, kwenye ombi la ufadhili, ile nafasi moja ambayo ofisi ya maji ilimpa kila mfanyakazi kwa mtoto wake mmoja. Sikuwa na jambo la kusema juu yangu, basi nikasema lako. Bahasha ile ulinipelekea posta wewe. Ulirudi mbio ukaniambia umebandika stempu mbili ili isichelewe. Mimi nikaenda chuo, wewe ukakaa miaka saba stoo unahesabu nati na washa za bolti ndipo ukaanza kusoma. Ulipomaliza niliandika hotuba ya kukupongeza, na humo pia sikusema.

Kuna baya zaidi. Nilipoandika mfano ubaoni mwaka huu, Kimya alibaki darasani wenzake walipotoka. Akaniuliza, "Mwalimu, na kama mtu hana baba?" Nilikuwa nimechoka, nilitaka kwenda nyumbani. Nikamwambia, "Andika tu, hawatakwenda kumtafuta."

Jumamosi niliwakusanya nikawaambia yote, hata la stempu. Walikuwa hoi, kesho yake wana kujisomea, keshokutwa karatasi mbili, na mimi nawaambia barua zao zimetupwa kwa ajili yangu. Tai akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, hata wewe kazi yako ilianza na barua hii?" Nikasema ndiyo. Akavua ile tai akaiweka mezani, nami nilijua sistahili kuomba radhi mara ya pili. Kisha wakaandika. Alasiri nzima, na safari hii hakuna aliyelala. Barua zao ni mbaya. Zina makosa, moja ina doa la grisi, nyingine inaanza na "Kusema kweli sijui nianzie wapi". Sijagusa hata nukta.

Maelezo ya afisa utumishi yamo, kwa jina langu. Nakala nimempa mkuu wa idara. Amesoma mbele yangu, akavua miwani, akasema mwaka ujao matayarisho ya kazi atapewa mwalimu mwingine. Nilidhani nitaumia. Nilichosikia ni usingizi tu, mdogo wangu, usingizi mzito wa mchana.

Nisamehe. Nimeliandika mwisho kwa sababu nilitaka ujue kwanza ni la nini.

Kaka yako


(Ndani ya bahasha, karatasi ya kumi na nne)

15 Juni

Kwa Afisa Utumishi,

Naomba nafasi ya mhandisi mpya.

Barua yangu ya kwanza ilisema nilimshikia baba taa. Si kweli. Baba simjui.

Mama ana mashine ya kusaga nafaka. Ikiharibika naitengeneza mimi, kwa sababu fundi huja baada ya siku tatu na wateja huhama siku ya kwanza. Nilianza nikiwa na miaka kumi na mbili. Chini ya mashine hakuna mwanga na kazi inataka mikono yote miwili, kwa hiyo tochi naishika kwa meno. Ndiyo maana nimezoea kutosema ninapofikiri. Mkiniita kwenye usaili nitachelewa kujibu, naomba mnivumilie.

Pampu kubwa kama zenu sijawahi kuigusa. Nimekisia kwamba nitaiweza, kwa sababu nimebadilisha beringi nyingi. Nikiwa nimekisia vibaya mtaliona mapema, na nitawaambia mwenyewe.

Mwombaji
(jina na namba ya mtihani viko kwenye wasifu)


Jumatatu, 24 Juni

Shikamoo, kaka.

Dereva wenu alifika Jumanne saa tano. Alinikuta nje, kwenye mtaro, akanipa bahasha na mikono yangu ina matope mpaka kwenye viwiko, ikabidi aniwekee kwapani. Maelezo yako ya chuo nilimpa afisa utumishi bila kuyafungua. Barua yangu nilikaa nayo mpaka Jumatano.

Nianze na nafasi ya ufadhili, maana nakujua, utakuwa umejitia gerezani. Nafasi ile ilikuwa ya mtoto mmoja, na ulikuwa mkubwa, na ulikuwa unaongoza darasa. Ungeipata hata ungeandika habari za kuku. Miaka saba ya stoo iliniuma, lakini sikuiweka kichwani pako na siiweki leo. Kilichoniuma ni taa. Sina picha ya baba niliyopiga naye. Sina kitu chake, spana zake zilirudishwa ofisini. Nina miaka ile ya shimoni tu, halafu nikakaa kwenye meza ile nikaisikia ikisomwa mara kumi na tisa kwa midomo ya watu wengine. Nililia Jumatano, nakwambia bila haya. Mume wangu alidhani ni pampu namba mbili.

Sasa nikuambie tulichokuwa tunazungumza.

Unajua baba hakujua kusoma. Kila muhula ulipoleta ripoti yako, mama aliisifia mezani, baba akaguna, ikawekwa kabatini. Siku ya pili au ya tatu pampu inazima, tunashuka, na baba anaitoa ripoti mfukoni mwa bwelasuti. Anasema, "Haya, nisomee." Nilikuwa nashika taa kwa mkono mmoja na ripoti yako kwa mwingine. Hisabati, tisini na moja. Maoni ya mwalimu, anaweza kufika mbali. Analala chali chini ya pampu, anafungua bolti, anasema, "Rudia hapo pa maoni." Narudia. Taa inashuka kwa sababu mkono umechoka. "Juu kidogo. Usisinzie. Rudia." Ripoti moja ilituchukua mchana mzima. Zile sauti ulizokuwa unazisikia dirishani, kaka, zilikuwa zinakusoma wewe.

Na mimi nilikuchukia kwa hilo, usidhani mwenzio malaika. Nilikuwa nashika taa ili usifiwe. Siku moja nilimsomea hisabati thelathini na nne. Akatoka chini ya pampu, akaitazama karatasi ile ambayo haikumwambia kitu, akaikunja. Nilimwambia ukweli baada ya wiki. Akacheka kama alivyokucheka wewe. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Kwa hiyo tuko wawili tuliosema uongo, kila mmoja juu ya mwenzake, na wa kwako nikaupeleka posta mwenyewe.

Kuhusu barua. Kumi na tisa zimesomwa zote, kila moja mpaka mwisho. Ya karatasi ya kumi na nne afisa utumishi aliianza kwa ile sauti yake ya kuapishwa. Alipofika kwenye meno akakaa chini. Akamaliza kuisoma kwa sauti ya kawaida, akampa meneja, meneja akaisoma tena peke yake. Usaili ni tarehe nane. Watu tisa wameitwa, watatu ni wako.

Mimi nimejitoa kwenye meza. Nimewaambia baba wa taa ni nani. Afisa utumishi akaja akanishika mkono akaniomba radhi, na yeye si mtu wa kuomba radhi.

Lala sasa.

Mdogo wako,
Nati


Alhamisi, 18 Julai

Mdogo wangu,

Thelathini na nne! Nimeisoma barua yako mara sita na kila mara nafika hapo namwita wifi yako aje asikie. Kisha nimerudi kwenye maoni ya mwalimu, pa "rudia", na hapo simwiti mtu.

Matokeo yametoka. Kumi na wanane wamefaulu. Tai ana somo moja la kurudia, lile la pampu, kwa sababu alilia badala ya kukisia, tutalifanya pamoja mwezi wa tisa. Swali la nne mtahini wa nje aliagiza lisahihishwe kwa kutumia jibu la Kimya kama mwongozo.

Kuhusu usaili sijasikia kitu. Kimya alirudi, nikamuuliza, ilikuwaje? Akafikiri. Mpaka sasa anafikiri.

Wale wengine kumi na saba wanazunguka na bahasha. Nawaona getini. Wananisalimia vizuri, bora wangenitukana. Nimechoka, lakini uchovu huu naweza kuukalia kitako, si kama ule wa zamani.

Nina likizo mwezi wa nane. Sijui kama nafasi ipo kwenu.

Kaka yako,
Profesa (jina sasa linanikaa vizuri kidogo)


Jumatatu, 5 Agosti

Shikamoo, kaka.

Nafasi ipo, godoro la wageni lina shimo katikati, utalala kwenye ukingo.

Nafasi ya kwanza amepewa kijana wa chuo kingine, hodari, sina neno. Ya pili amepewa Kimya. Kwenye usaili meneja alimuuliza swali la pili, akanyamaza, na afisa utumishi akainua kiganja kumzuia meneja asimharakishe. Walingoja. Meneja anasema hajawahi kungoja hivyo hata hospitali. Wale wawili wako wengine hawakupata, mmoja nimemwelekeza kwa mkandarasi wa mabomba, na tuone.

Ameanza leo. Saa tatu asubuhi pampu namba mbili ikazima kabisa, nikafurahi, maana huwezi kupata siku nzuri zaidi ya kumpima mtu. Tukashuka. Chumba cha pampu zetu ni kipana lakini nyuma ya pampu ni giza totoro. Kabla sijasema kitu amekwisha kutoa tochi mfukoni, ameifuta kwenye shati, ameitia kinywani, na amelala chali. Mafundi wakacheka. Nikapiga magoti kwenye maji, nikamwambia, "Hebu itoe mdomoni, mwanangu, leo nakushikia mimi." Akakataa kwa kichwa. Nikaweka mkono nikangoja. Unajua sasa anavyongojwa yule. Mwishowe akaniachia, ina mate na alama za meno mpaka kwenye chuma.

Tulikaa saa moja na nusu. Mimi ni mhandisi mkuu, kaka, nina magoti ya miaka arobaini na minane, nilikuwa nasinzia na suruali imelowa mpaka kwenye mapaja. Hajasema neno lolote tangu asubuhi. Ghafla nasikia kutoka chini ya pampu:

"Juu kidogo, mama. Si machoni mwangu."

Nililia na kucheka kwa pamoja, taa ikatikisika, akaniambia niitulize.

Njoo wiki ya pili. Pampu ya kisima cha hapa nyumbani kwangu imeanza kuvuta hewa, na nimewaambia wote wasiiguse. Shimo ni dogo, linatosha watu wawili. Mimi nitafungua bolti, nitatukana yale matusi mawili na utayasikia kwa mara ya kwanza. Wewe utashika taa. Nimenunua mbili, kwa tahadhari.

Usisinzie.

Mdogo wako,
Nati